Punguza Zote

Uliona. Usijisingizie kwamba ulikuwa unatazama simu. Nesi aliinama kumwinua mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mshono wa mgongoni ukachanika kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na wewe uliyekuja na chupa yako ya chai kumjulia hali shangazi ukageuzia uso ukutani. Ulipofika nje ukacheka. "Vitu vya China hivyo," ukasema, ukaenda zako. Hukuuliza nani alikata ile nguo, wala nani alikula kile kipande cha kitambaa kilichopaswa kumsitiri yule dada. Umegeuza uso hivyohivyo kwa sare za watoto wa shule, kwa makoti ya wapishi, kwa suruali ya mumeo iliyopasuka mbele ya wakwe. Leo hugeuzi. Kaa hapo usikie habari za Albina na Anatory. Ni habari za mapenzi, na mapenzi ndiyo kitu pekee unachokubali kukisoma mpaka mwisho.

Walikutana Guangzhou, China, kwenye soko la vitambaa la Zhongda, saa ambayo pikipiki za magurudumu matatu hupita na majora kama zimetumwa kuua. Albina alikuwa amesimama katikati ya njia, kashika kipande cha kitambaa cheupe, anakivuta, anakinusa, anakisugua kwa kucha. Alivaa gauni la kitenge la manjano lenye mikono ya puto na raba nyeupe, na joto la Guangzhou lilikuwa limeshambandika vinywele vya mbele kwenye paji la uso. Alikuwa na duka la sare Mwanza. Kile alichokuwa akikinusa ndicho angewavalisha manesi wa hospitali nzima.

"Dada! Nyuma yako!"

Kiswahili, katikati ya honi na makelele ya Kichina. Kabla hajageuka, mtu alimvuta kwa mkanda wa mkoba. Mkanda ukakatika. Pikipiki ikampangusa kiwiko ikapita, dereva hata hakuangalia nyuma.

"Umenikatia mkoba," alisema Albina akiuinua.

"Mkoba nitakushonea. Mbavu zingenishinda."

"Si ungeita?"

"Nimeita. Umegeuka taratibu kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha."

Albina alimtazama vizuri. Kijana mrefu, shati la drafti lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni. "Na wewe mwenye maneno hivi, ni wa wapi?"

"Bukoba. Naitwa Anatory."

"Haa, Mhaya! Nilijua tu. Sasa utaanza kuniambia una shahada ngapi."

"Sina hata moja. Nakuambia mapema ili usiniogope."

Alicheka, na akajichukia kidogo kwa kucheka upesi vile. Jioni yake mkoba ulirudi na mkanda mpya, imara kuliko ule wa zamani, na ndani ya mfuko wa pembeni palikuwa na karanga za kukaanga.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, mama?"

"Nimekula tambi. Nitageuka uzi, Anatory."

"Njoo huku mtaani kwangu, Sanyuanli. Kuna mama wa Kikongo anasonga ugali unaosimama wenyewe."

"Unanialika kwako au kwenye ugali?"

"Kwenye ugali. Mimi nitakuwa kitoweo."

"Ebu toka hapa!" Lakini alikuwa ameshafungua sanduku anatafuta gauni la kuvaa.

Anatory alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi ya oda iliyokuwa juu ya kiwanda cha Bosi Liang, ambaye Waafrika wote walimwita laoban kama wanavyowaita mabosi wote wa huko. Wateja wa Kiafrika walipelekwa pale na Theophil, Mtanzania aliyekaa Guangzhou mpaka akasahau baridi ya kwao. Mkubwa Theophil, walimwita. Alivaa suti ya kijivu kwenye joto la kuyeyusha sabuni. Ndiye aliyekuandikia barua ya mwaliko ukiomba viza, ndiye aliyekutafutia nafasi ndani ya kontena, ndiye aliyeshika michango ya misiba. Viza ya Anatory nayo ilitoka mfukoni mwake. Kabla ya kula alisali kwa sauti ndefu, kisha akatoboa jicho la samaki kwa kijiti na kulifyonza huku bado anasema amina.

Siku moja mchana Albina alipanda ofisini akiwa na machungwa. Wafanyakazi wa Kichina walikuwa wamelala vichwa juu ya meza, taa zimezimwa, kama desturi yao baada ya chakula. Anatory alimvutia kiti kwa kunong'ona.

"Leo uone kazi yangu. Hii ni kanzidata, ghala la taarifa zote za oda. Na hii ni fomu yake. Kila oda ina ukurasa. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Pembeni ya kila kisanduku kuna vitufe viwili, cha kujumlisha na cha kutoa. Ukibonyeza mara moja, sentimita moja."

"Kwa nini wasiandike tu namba?"

"Fundi mkata ana chaki vidoleni na haraka kichwani. Zamani alikuwa anaandika. Siku moja akaandika kiuno cha mia saba na themanini badala ya sabini na nane, na kiwanda kikakata."

Albina aliziba mdomo asiwaamshe watu. "Hiyo sketi ilikwenda wapi?"

"Wanafunikia jenereta."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia akagusa kioo. "Na hiki kisicho na kitu?"

"Hicho kilininyima usingizi. Kisanduku kitupu si sifuri. Ukikiongezea moja kinabaki kitupu. Ukikiongezea mia, kinabaki kitupu. Lazima kwanza ukiambie, wewe anzia sifuri. Ndipo kinakubali kuhesabu." Akamtazama. "Na mimi nilikuwa hivyo, mpaka ile pikipiki."

"Maneno hayo mnafundishwa shuleni huko kwenu?" alisema Albina, lakini mkono wake haukuondoka juu ya wake. "Na hiki kipana huku chini?"

"Punguza Zote. Ni kwa ajili ya kitambaa cha kuvutika tu. Kitambaa kinachovutika unakikata kidogo kuliko mwili, kinajinyoosha chenyewe. Mkubwa Theophil ndiye alikiomba."

"Nione kiuno changu kinavyopungua!" Akabonyeza. Ulikuwa ukurasa wa oda yake mwenyewe, sare za manesi. Namba zote zikashuka pamoja. Akabonyeza tena.

"Weee, acha, utawaua watu!" Anatory alimshika mkono, akawa anazirudisha moja moja huku Albina anamtekenya ubavuni. Chini fundi mkata akaita. Anatory akafunga ukurasa, wakabaki wanatazamana kama wezi wa sukari.

Mzigo ulisafiri. Albina alibaki Guangzhou akihangaikia sweta za shule. Wakaanza kuzungumzia mahari kama watu wanaotania, kila mmoja akisikiliza kama mwenzake anatania kweli. Kisha dada yake, Herieth, aliyebaki na duka Mwanza, akapiga simu.

"Albina, umetuletea nini?"

"Kuna nini?"

"Subiri. Zungumza na mwenyewe."

Sauti ya mwanamke mzima ikaingia, kavu, inayojizuia. "Mimi ni Sista Anastazia, msimamizi wa wodi. Mwanangu, nimeinama kumwinua mgonjwa nikapasuka mgongo mzima mbele ya wageni. Wanaume walikuwepo. Mmoja alipiga picha. Sare imeandikwa saizi yangu, sijanenepa hata kidogo. Nilikuamini kwa sababu mama yako nilimzalisha mimi. Sasa niambie nikuambie nini."

Albina aliomba apewe muda wa kuleta sare nyingine, na yule mama akajibu, "Ukileta kama hizi, duka lako tutalipita kama tunavyopita dampo." Simu ikakatika.

Alikwenda kwa Anatory bila hata kubadili kandambili.

"Ulizirudisha?"

"Nini?"

"Zile namba! Tulizozichezea! Ulizirudisha zote?"

Fomu ile haikuwa na kitufe cha kuhifadhi. Ukiuacha ukurasa, kilichopo ndicho kilichobaki. Anatory aliijenga hivyo mwenyewe, na akajisifu. "Nadhani nilizirudisha."

"Unadhani? Mwanamke amevuliwa nguo mbele ya wagonjwa, wewe unadhani!"

"Albina, mpenzi wangu, ulikuwa unanitekenya, fundi akaita..."

"Usiniite mpenzi wako. Kidole ni changu, sikatai. Lakini mtu gani anamwachia mwanamke kitufe cha kuharibu kazi yake halafu anacheka naye?"

"Nipe siku moja nitazame."

"Tazama peke yako."

Aliondoka, akaizima simu yake asipigiwe. Alilia, akapiga chafya, akalia tena. Kesho yake alikwenda kwa Theophil, kwa kuwa kila mtu alikwenda kwa Theophil. Mkubwa alimkaribisha kwa mikono miwili, akamwombea, akamvutia sahani.

"Dada yangu, kula kwanza. Hizo ndizo saizi za huku. Na tusidanganyane, manesi wenu wamenenepa. Wapunguze wali." Akacheka, kipande cha ngozi ya samaki kimemganda kwenye jino. "Tutakukatia nyingine, kitambaa lete mwenyewe. Ila yule kijana mwache. Watoto wa kompyuta hawana adabu."

Albina aliuona mkono wake laini, pete inazama kwenye nyama ya kidole, unachambua mwiba. Akaisukuma sahani. Hakujua bado ni kwa nini. Alitoka nje akatema mate kwenye mtaro.

Anatory alimsubiri kwenye ngazi za hoteli yake, futi kamba ya fundi imezungushwa shingoni. Pembeni yake alisimama Mwende, mfanyabiashara kutoka Machakos aliyefungia mzigo wake chumba cha jirani na cha Albina.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema Anatory. "Nimekuja na futi. Mwende, mwonyeshe."

Walipoingia chumbani, Mwende alitupa kitandani sketi ya shule kutoka kwenye mzigo wake. "Pima hiyo, mrembo. Imeandikwa saizi gani?"

Albina alipima kiuno. Akapima tena. Akapima nyonga. Kila mahali palikuwa pameibwa sentimita nne.

"Hii hatukuichezea," alisema Anatory taratibu. "Wala koti la mpishi la jamaa mmoja wa Lusaka, nalo nimelipima. Sare zinazokwenda Australia, kiwanda kilekile, kitambaa kilekile kigumu, zimetimia. Mtu anabonyeza Punguza Zote kwenye mizigo yetu baada ya sisi kukubali sampuli. Majora yanayobaki yanarudi kuuzwa sokoni Zhongda. Wanaoifungua fomu ni mimi, fundi mkata na Theophil. Na Theophil hupanda ofisini ule muda watu wamelala."

Albina alimgeukia Mwende. "Wewe ulijua?"

"Aki, nani hajui?" Mwende aliketi kitandani, uchovu ukamwangukia. "Tukifika nyumbani tunabandua lebo. Large inakuwa Medium, Medium inakuwa Small. Ukimuuliza mkubwa, msimu ukifika kontena limejaa, wewe na sweta zako mnabaki hapa mkitazamana. Kwa hivyo tunanyamaza. Kila mtu ananyamaza, mrembo, usiniangalie hivyo."

Huo ndio uvundo wenyewe. Haukutoka kwenye mtaro wa soko. Ulitoka vyumbani, kwa watu waliooga, wenye mikasi midogo ya kubandulia lebo, wanaompa mwizi jina la Mkubwa.

"Tumseme kwa laoban," alisema Albina.

"Kwa ushahidi gani? Atasema ni mimi niliyekosea, na wewe mwenyewe ulishaamini hivyo."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Albina alivuta ncha ya futi kamba iliyoning'inia kifuani mwa Anatory, akaishika. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka kubadilisha alama ya kitufe, ya kutoa iwe ya kujumlisha. Mtu akibonyeza Punguza Zote kwenye kitambaa kigumu, kwenye kioo ataona namba zinashuka kama kawaida. Lakini kwa fundi mkata zitakwenda zimepanda. Asiyebonyeza hatapata shida yoyote. Atakayebonyeza, nguo zitamtoka kubwa." Akaishika ncha ya pili ya futi. "Ila nahitaji oda. Na kazi hii itanifukuza China, Albina. Viza yangu ni yake."

Albina alifikiria duka la Mwanza. Alimfikiria Sista Anastazia, ambaye hangempa nafasi ya tatu. Nguo ikiwa kubwa, Herieth angeibana kwa cherehani. Ikiwa ndogo, basi tena.

"Chukua oda yangu," alisema. "Ile mpya ya manesi."

"Una hakika?"

"Safari hii sikutekenyi."

Sampuli zilikuja safi, zimetimia. Albina akazikubali, akatabasamu kwa Theophil mpaka mashavu yakamuuma. Mchana mmoja ofisi ikalala. Hakuna aliyejua nani alipanda ngazi.

Siku ya kukata, Theophil alikuwa ameketi na wafanyabiashara ukumbini, anagawa nafasi za kontena kama mtu anayegawa baraka. Albina alikaa kona, Mwende ubavuni. Anatory alisimama mlangoni, shati lake la makali limelowa mgongo mzima.

Mara vishindo kwenye ngazi. Fundi mkata akaingia anapumua moto, chaki mpaka kwenye nyusi, kakumbatia sare nyeupe.

"Meiyou! Meiyou!" alipiga kelele. Hakuna, hakuna! Kila mtu pale alilijua neno hilo, ndilo la kwanza kujifunza sokoni. Akaonyesha kwa mikono. Kitambaa kimekwisha, oda haijafika mwisho. Akaikunjua ile sare mbele yao. Wangeweza kuingia manesi wawili na mgonjwa wao.

Watu walicheka. Theophil hakucheka. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akalinyakua lile gauni akalitazama kama limemtukana mama yake.

"Haiwezekani! Nani kaongeza? Nimepunguza mwenyewe! Nimepunguza kila mahali, kwa mkono wangu!"

Kicheko kilikatika.

"Umepunguza nini, mkubwa?" aliuliza Mwende, kwa upole wa kutisha.

Jasho la Theophil liliteremka kwenye shingo likaingia kwenye kola. "Nimepunguza... kuna upotevu... nyie hamjui mambo ya kiwanda."

Albina aliinuka. "Ulimpunguzia Sista Anastazia nguo mpaka akabaki uchi wodini. Halafu ukaniambia apunguze wali."

Aliwageukia wenzake. Walikuwa wengi, watu wazima, wenye maduka na watoto. Wote wamesikia kwa masikio yao. Aliwangoja. Mmoja alikohoa. Mwingine alipangusa kioo cha simu kwa shati. Mwisho mzee mmoja mwenye kofia nzuri ya kijani akasema, bila kumtazama mtu, "Mkubwa, kwani kontena letu linaondoka lini?"

Ndivyo walivyofanya. Mbaya zaidi, Theophil aliokota kiti chake, akaketi, akajibu, "Alhamisi." Na kalamu zikaanza kuandika.

Bosi Liang alipopewa habari hakumuuliza Theophil kitu. Theophil analeta wateja. Alimwita Anatory, kwa kuwa aliyeigusa alama ni yeye. Kabla jioni haijaingia kitambulisho kilikuwa kimevuliwa shingoni, na barua ya viza imefutwa.

Albina na Mwende walihamisha oda zao kiwanda kingine, wakalipia kontena dogo wawili peke yao. Sare zile kubwa Albina alizidai zote, akazipata, maana Theophil hakutaka zibaki pale zikionekana.

Anatory aliondoka na begi moja. Alipita Zhongda kumuaga, palepale njiani, pikipiki zikiwapiga honi. Albina alikuwa amevaa lile gauni la manjano.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Hata ile siku moja uliyoniomba sikukupa."

"Ungenipa ungekuwa Mhaya. Subira tumeumbiwa sisi." Akaweka begi chini. "Narudi Bukoba. Sina kazi, sina viza. Nina kompyuta moja na futi kamba niliyosahau kuirudisha. Kwa hiyo usinijibu haraka."

"Sijaulizwa kitu."

"Nakuuliza sasa. Utanioa?"

"Nitakuoa mimi?"

"Yaani... nikuoe. Umenichanganya, mwanamke! Pikipiki hizo zinakuja!"

Albina alicheka, machozi yanamtiririka. Alimvua ile futi kamba shingoni, akaizungusha kwenye kidole chake mwenyewe cha pete, akamnyooshea mkono asome.

"Andika hiyo," alisema. "Na usipunguze."

"Roho yangu, nikipunguza nikatwe mkono."

"Tangulia nyumbani. Nafunga mzigo, nakuja."

Alimtazama mpaka shati la drafti likapotea nyuma ya majora. Kisha akaenda kuhesabu sare, peke yake, katikati ya watu waliomjua na ambao siku hiyo wote walikuwa na haraka.

Sista Anastazia amevaa sare yake sasa, Herieth ameibana kiunoni, na anainama apendavyo. Anatory na Albina wametangazwa kanisani. Umefurahi, sivyo? Unataka kufunga hapo, ufute jicho.

Usifunge. Theophil bado anafyonza macho ya samaki. Ofisi bado inalala mchana, na kitufe kimerudishwa kilivyokuwa. Nguo uliyovaa sasa hivi inakubana kwapani, na umeshajiambia kwamba ni wewe uliyenenepa. Inuka. Tafuta futi kamba, kwa jirani kama huna. Pima sare ya mwanao kabla hajaivaa kesho, pima kiuno, pima kifua, linganisha na lebo, na utazame vizuri kama lebo hiyo haijabandikwa juu ya nyingine. Ikipungua, irudishe dukani leo, mbele ya wateja, umuulize mwenye duka kwa sauti: nani alikupakilia huu mzigo? Akikohoa, uliza tena. Akikwambia ni vitu vya China, mwambie hapana, taja jina la mtu. Usiondoke mlangoni mpaka alitaje. Nenda sasa, kabla hujageuza uso.